Maswali Yenu kwa Mama Fundi: Ampu ya valvu, mvumo wa Manyoni na ilimba ya Chamwino

Tangu niliposema kwenye toleo lililopita kwamba nimejenga ampu (kikuza sauti) ya gitaa ya valvu mezani kwangu hapa Makole, Dodoma, barua za friji na pasi zimekaa pembeni. Kwa ambao hawajawahi kuiona, valvu ni ile chupa ya kioo iliyokuwa ndani ya redio za mbao za babu zetu, inayowaka rangi ya kaa la moto. Kwenye redio, transista ilikuja ikachukua kazi yake. Kwenye gitaa haijang'oka hadi leo, na viwanda vya Slovakia, Urusi na China bado vinaitengeneza mpya. Leo ukurasa wote ni wake. Barua nimezifupisha kidogo.

*Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kongwa, napiga gitaa la solo kanisani. Redio nimetengeneza nyingi na kuchomea risasi najua. Nataka kujenga ampu ya valvu ya wati 50 isikike kanisa zima. Nianzie wapi, na transfoma nitazipata wapi huku?*

Marahaba, mwalimu. Anza na wati 5. Najua si jibu ulilolitaka, lakini sikio halihesabu wati kama tunavyohesabu shilingi. Kutoka wati 5 kwenda wati 50 ni desibeli 10, na sikioni hiyo ni kama sauti kuongezeka maradufu, si mara kumi. Mwamuzi mkubwa ni spika. Spika ya inchi 12 yenye desibeli 97 kwa wati moja, ukiipa wati 5, inafika mahali ambapo spika ya desibeli 90 ingedai wati 25. Kabla ya kununua, soma namba hiyo kwenye karatasi ya spika. Wengi wanaangalia wati zilizoandikwa mgongoni, na zile zinasema tu spika itavumilia kiasi gani kabla ya kuungua.

Ampu ya wati 5 ina valvu mbili tu. Ya kwanza ni ECC83, ambayo Wamarekani wanaiita 12AX7, inayokuza ule mkondo mdogo unaotoka kwenye gitaa. Ya pili ni EL84, inayosukuma spika. Usiudharau udogo huo. Ampu ya Champ ya Fender, ile ya miaka ya 1950, ilikuwa na wati kama hizo hizo na valvu moja tu ya nguvu, na watu wamerekodi nayo mpaka leo. Uzuri wa valvu ni pale unapoisukuma zaidi ya uwezo wake. Transista inakata kichwa cha wimbi kama panga. Valvu inakiviringa, na ikiwa moja peke yake inaongezea juu ya kila noti oktava yake. Ndiyo maana noti moja ya solo inasikika nene, kama imepigwa na watu wawili.

Sasa transfoma. Transfoma maalumu ya ampu ya valvu hutaipata Kongwa, na mimi nimezunguka maduka ya vifaa vya umeme Dodoma mjini sikuipata. Nilichofanya ni kununua transfoma mbili za kawaida. Ya kwanza inapokea volti 230 na kutoa volti 6, ukubwa wake VA 50 (VA ni volti mara ampea). Hizo volti 6 ndizo zinazowasha nyuzi za joto ndani ya valvu. Kitabu cha valvu kinataka 6.3, lakini kinaruhusu asilimia 10 juu au chini, kwa hiyo uko ndani. Halafu volti 6 hizo hizo unazipeleka kwenye transfoma ya pili, ya VA 30, uliyoifunga kinyume: unaingizia upande wa 6, inakutolea upande wa 230. Hupati 230 kamili kwa sababu kuna kinachopotea njiani, unapata kama 200. Zipitishe kwenye daiodi nne za 1N4007, zinazougeuza umeme kuwa wa upande mmoja (DC), zijaze kapasita inayouhifadhi, na utakuwa na volti 250 na ushee za DC. EL84 inazipenda sana hizo.

Kuna redio za zamani ambazo hazikuwa na transfoma kabisa, chesisi yake, yaani fremu ya chuma inayobeba vifaa, ikiwa imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani. Usiige mchoro wa redio hizo hata kama fundi mkongwe atakuambia zilifanya kazi. Zilifanya kazi kwa sababu hakuna aliyekuwa ameshika chesisi. Wewe utakuwa umeshika nyuzi za gitaa, na nyuzi za gitaa zimeungana na chesisi.

Transfoma ya spika ndiyo usiibanie pesa. Inatakiwa iifanye valvu iione spika ya omu 8 kana kwamba ni omu 5,000, maana yake mizunguko 25 upande wa valvu kwa kila mmoja wa upande wa spika. Tena iwe na pengo. Hapa nina donda. Niliwahi kuuziwa moja nikaambiwa ndiyo yenyewe, nikaifunga, sauti ikatoka nyembamba kama ya simu, besi hakuna. Nilikaa siku tatu nabadilisha kapasita bure. Mwisho nikaifungua. Ndani ya transfoma kuna majani ya chuma yaliyokatwa kwa umbo la E na umbo la I, na katika hii yalikuwa yamepishanishwa moja moja: E huku, I kule, kisha kinyume. Hivyo ni sawa kwa transfoma ya umeme. Kwa ampu ya valvu moja ya nguvu si sawa, kwa sababu mkondo wa DC unapita humo muda wote na chuma kinashiba sumaku, hakina tena nafasi ya kubeba besi. Nikayachomoa majani yote kwa kisu cha mezani, nikapanga E zote upande mmoja na I zote upande mwingine, katikati nikaweka kipande cha karatasi ya daftari, nikabana upya. Besi ikarudi usiku ule ule. Karatasi ya daftari, mwalimu! Kwa hiyo ukinunua, muulize muuzaji kama ina pengo. Akikushangaa, usinunue.

*Mama Fundi, habari za kazi. Mwanangu ana miaka 17, yupo likizo, anajenga hiyo kitu chumbani kwake hapa Nkuhungu. Nimesikia ndani yake kuna umeme wa volti 300 na kwamba unabaki hata ukichomoa waya ukutani. Ni kweli? Nimkataze?*

Dada yangu, ni kweli. Volti 250, 300, zote zinaua. Mimi sitakuambia umkataze, ila kuna mambo nataka uyaone kwa macho yako kabla hujamruhusu kuendelea.

Nilikuwa na miaka 19, najifunza kwa mjomba wangu aliyekuwa akitengeneza redio. Redio ilikuwa imechomolewa, waya wake naukumbuka ulivyokuwa umekunjwa juu ya meza. Nikaingiza mkono kutafuta rezista iliyoungua, na nilikuwa nimevaa bangili. Bangili ikagusa mguu wa kapasita. Mkono ulirushwa nyuma ukagonga rafu, vioo vikaanguka, na kwa dakika kadhaa sikuhisi vidole viwili. Kapasita ni kama mtungi: ukifunga bomba, maji yaliyomo hayaendi popote. Mjomba hakunifokea. Aliniweka mwezi mzima nisiguse kitu ndani ya redio yoyote kabla sijamsomea kwa sauti namba iliyo kwenye mita.

Fanya hivyo na mwanao. Mwambie sambamba na kila kapasita kubwa afunge rezista ya kiloomu 220 yenye uwezo wa wati 2, na aiache humo daima. Hiyo ndiyo inayomwaga maji ya mtungi polepole. Halafu kaa naye. Mwambie aizime, achomoe waya ukutani, aweke ncha za mita kwenye kapasita, na akusomee. Kama kapasita ni ya mikrofaradi 47 na ilianza na volti 300, baada ya sekunde 10 utamsikia akisema 110. Baada ya 20, arobaini. Baada ya 30, kumi na tano. Ikifika dakika moja mita inakaribia sifuri, na hapo tu ndipo mkono unaingia. Kama namba haishuki, rezista imekatika au haikuungwa vizuri, na bila mita asingejua. Ukisikiliza hesabu hiyo mara moja utajua mwanao ni mwenye subira au hana, na jibu la swali lako utalipata hapo kuliko kwangu.

Mengine: mkono mmoja uwe nyuma au mfukoni anapopima kitu chenye umeme, ili mkondo usipate njia ya kupita kifuani. Viatu vya mpira. Saa, pete na cheni avue. Asifanye kazi hiyo akiwa peke yake nyumbani, wala usiku akiwa na usingizi. Na usitulie kwa sababu nyumba ina ile swichi kuu inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini. Swichi hiyo haioni kinachotokea upande wa pili wa transfoma. Inamlinda hadi kwenye transfoma, baada ya hapo yuko peke yake.

Siku ya kuiwasha mara ya kwanza, umeme upite kwanza kwenye balbu ya wati 60, ile ya zamani yenye uzi ndani, iliyofungwa kwenye njia ya waya wa moto. LED haifai kwa kazi hii. Balbu ikimulika kisha ikafifia, ampu haina shoti. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, azime, atafute kosa, na hajaunguza kitu. Spika iwe imeshaungwa kabla ya kuwasha. Bila spika, kuna volti zinazoruka ndani ya transfoma ya spika mpaka zinatoboa insulesheni yake.

*Kaka yangu ameniletea ampu ya valvu kutoka Marekani. Nyuma imeandikwa 120V 60Hz. Niko Mpwapwa. Naweza kuchomeka kwa adapta ya plagi?*

Usichomeke. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, volti zinaingia zile zile 230, karibu maradufu ya inachotaka. Angalia kwanza nyuma kama kuna swichi ya kuchagua volti, au ndani kama transfoma ina waya za 230 ambazo hazikutumika. Zikiwepo, fundi azihamishe na abadilishe fyuzi iwe nusu ya ile ya 120. Kama hazipo, nunua transfoma ya kushusha kutoka 230 hadi 110 yenye VA mara mbili ya zilizoandikwa kwenye ampu. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo transfoma ya hezi 60 itapata joto zaidi kuliko ilivyokuwa kwao. Iguse baada ya saa moja: joto la chai ni sawa, joto la sufuria si sawa.

*Shikamoo mama. Nimemaliza ampu yangu ya EL84 hapa Manyoni, inapiga vizuri lakini inavuma. Hata gitaa nisipochomeka, inavuma. Nikishusha volyumu mpaka sifuri mvumo uko pale pale. Nimebadilisha ECC83 mara mbili. Nifanye nini?*

Marahaba, na hongera, maana kuifikisha hapo si kazi ndogo. ECC83 hazina kosa, ziache. Umeshanipa dalili kubwa bila kujua: volyumu haibadilishi mvumo. Maana yake kinachovuma kiko baada ya volyumu, kwenye EL84, kwenye transfoma, au kwenye umeme wenyewe. Sasa tafuta mvumo una noti gani.

Chukua gitaa lako, lichuni vizuri, na kwenye uzi mnene kabisa bonyeza freti ya tatu. Hiyo ni G, hezi 98. Ipige bila ampu, sikio ukiliweka kwenye mbao za gitaa, huku ampu ikivuma pembeni. Umeme wetu wa hezi 50 ukishapita kwenye daiodi nne unatoa mvumo wa hezi 100, juu kidogo tu ya noti hiyo. Kama mvumo wako ni huo, utasikia noti mbili zikigongana taratibu, wimbi kama mara mbili kwa sekunde. Basi kosa ni la kapasita za umeme: ni ndogo mno, ni za zamani, au moja haikuungwa na ethi vizuri. Ongeza mikrofaradi 47 baada ya rezista ya kwanza ya kuchuja, usikilize tofauti.

Kama mvumo uko chini zaidi ya hapo, chini ya uzi wowote wa gitaa la solo, azima gitaa la besi. Freti ya tatu ya uzi wake mnene ni hezi 49. Ukikutana na mvumo hapo, ni hezi 50 zenyewe, hazijapita kwenye daiodi. Zinatoka kwenye nyaya za volti 6 za kuwashia valvu, au transfoma moja inaisemesha nyingine kwa sumaku.

Za volti 6 ni rahisi. Zisokote pamoja kama kamba ya katani, zibanwe kwenye kona ya chesisi mbali na nyaya za sauti, kisha kila waya upate rezista ya omu 100 kwenda ethi. Wengi wanasahau hizo rezista mbili, na mvumo unakwisha palepale wanapoziweka.

Transfoma kusemeshana ndiko ninakokupenda mwenyewe kukusikiliza. Toa valvu zote. Chomoa transfoma ya spika kutoka kwenye saketi, iwe huru, na upande wake wa spika uunge na spika za masikioni. Washa transfoma ya umeme peke yake, nyaya zake za volti ya juu zikiwa zimefungwa mpira. Vaa spika za masikioni, shika ile transfoma ya spika, isogeze juu ya chesisi polepole, izungushe. Utasikia mvumo unapanda na kushuka kama mtu anayefungua na kufunga mlango. Kuna mahali, mara nyingi zikiwa zimekaa kama msalaba, moja imelala na nyingine imesimama, ambapo mvumo unakufa kabisa. Weka alama ya penseli hapo. Toboa hapo hapo, hata kama ulishatoboa kwingine na chesisi itaonekana vibaya. Mimi chesisi yangu ya kwanza ina matundu manne yasiyo na kazi, na ni kimya.

Kama ni mkwaruzo mkali badala ya mvumo, na unapungua ukigusa nyuzi za gitaa, hilo ni jambo la ethi na kinga za nyaya. Ethi zote zikutane karibu na kapasita ya kwanza, zisiungwe ovyo kila moja na sehemu yake ya chesisi. Huku kwetu ongeza na vumbi. Hilo vumbi letu jekundu linaingia kwenye soketi za valvu na ampu inakohoa. Brashi ndogo na spiriti, umeme ukiwa umechomolewa na kapasita zimeishiwa umeme, mara moja kila kiangazi.

*Mbukwa, binti yangu. Mimi ni mzee wa Chamwino, napiga ilimba, ile marimba yetu ya vyuma inayopigwa kwa vidole. Vijana wananiambia nichomeke kwenye mikisa lakini sauti inakuwa ya bati, uzito wote unapotea. Nimesikia una ampu ya aina ya zamani. Itaifaa ilimba, au ni ya gitaa tu?*

Mbukwa, babu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na naona vijana hawakukosea nia, wamekosea mahali pa kuchomeka.

Nadhani walikubandikia ile sahani ndogo ya shaba, piezo, inayogeuza mtikisiko wa mbao kuwa umeme. Sahani hiyo haina nguvu kabisa. Inataka iingie mahali panapoisikiliza bila kuivuta. Mlango wa laini wa mikisa mara nyingi ni omu 10,000, na kwa sahani ya nanofaradi 20 kila kitu kilicho chini ya hezi 800 kinaanza kuzama. Vyuma virefu vya ilimba yako, vile vya katikati vyenye sauti nzito, vyote viko chini ya hapo. Ndiyo bati uliyoisikia. Mlango wa ampu ya valvu ni omu 1,000,000, na hapo kuzama kunaanzia hezi 8, ambako hakuna anayesikia kitu. Kwa hiyo itaifaa, tena sana. Nilijaribu na ilimba ya kuazima, na chuma kirefu cha katikati kilitikisa vikombe mezani kwa wati 5.

Lakini kuna jambo ambalo ampu haitalifanya. Kwenye tundu la ubao wako upo ule utando wa kifuko cha buibui, unaotia ule msisimko juu ya kila noti. Marehemu Hukwe Zawose, mpiga ilimba wa Kigogo, aliupeleka msisimko huo nchi za mbali na watu wakakaa kimya kuusikiliza. Piezo inasikia mbao, haisikii hewa, na utando unaongea na hewa. Ukifungua volyumu mpaka EL84 ianze kuelemewa, utapata ukali unaofanana nao, na nilipousikia nilicheka peke yangu kwa furaha, kwa sababu watengeneza ampu walihangaika miaka mingi kuupata ukali ambao Wagogo waliuweka kwenye ubao kwa msaada wa buibui. Hata hivyo si ule wenyewe. Utando uwekewe maikrofoni yake ndogo, kama upana wa kiganja kutoka kwenye tundu, na maikrofoni hiyo ndiyo iende kwenye mikisa. Piezo iende kwenye valvu, ibandikwe mgongoni mwa ubao karibu na daraja la vyuma. Usipande sana volyumu ukiwa umekaa mbele ya spika, kasha la ilimba litaanza kuimba lenyewe.

Jumamosi nipo mezani kuanzia saa tatu asubuhi. Njoo nayo, babu, na vijana waje. Waambie wasiguse huo utando, hata kama umepasuka kidogo.